Njia Niliyoifunika kwa Kijani

Augusta, vuta pazia lote, usiniachie upenyo tu, maana mtu aliyekula mkate wake miaka hamsini kwa kutazama mawingu hawezi kuaga huku akitazama ukuta. Na wewe Hubert, mwanangu, weka hiyo kofia chini. Gari moshi la London lipo kesho na keshokutwa lipo, baba yako ndiye asiyejulikana. Kaeni hapo mbele, niwaone wote wawili bila kugeuza shingo, mnisikilize mpaka mwisho, wala mtu asinikatize, kwa sababu pumzi iliyobaki nimeipima na haina ziada.

Ya mali ni mepesi. Nyumba hii na bustani yake mpaka kwenye miti ya tufaha ni ya Augusta, aliyenitunza, na asije mtu akamwambia kwamba mwanamke asiye na mume anatosheka na chumba kimoja. Picha zilizomo kwenye chumba changu cha kazi ni zako Hubert, uziuze au uzitundike, isipokuwa kibao kimoja nitakachokitaja. Brashi zangu zichomeni, zimechoka kuliko mimi. Mchungaji Oakley ameyaandika hayo na kuyatia muhuri, na mkigombana juu ya vijiko vya mama yenu nitawasikia huko niliko.

Sasa lile lililonifanya niwaite. Hubert, wiki iliyopita ulileta hapa ile picha kubwa, Shayiri ya Aldersham, uliyoiazima kwa Bibi Strickley kwa ajili ya hayo maonyesho yako ya kunikumbuka kabla sijafa. Uliiegemeza ukutani hapo ilipo, ukaifuta vumbi, ukainama, ukasema, "Baba, kuna mstari mweupe unajitokeza kwenye majani. Usihangaike, nitamwita fundi aupake rangi, hata siku mbili hazitafika." Mimi sikujibu, nawe ukadhani ni ugonjwa umenifunga kinywa. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa aibu, mwanangu, aibu ya miaka thelathini na sita, na leo ninaitoa nje iote jua.

Mnajua kwamba nimezaliwa hapa hapa Aldersham, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, na kwamba rafiki yangu wa kwanza duniani alikuwa Josiah Nunn, mtoto wa fundi wa magurudumu. Tuliiba tufaha pamoja, tukachapwa kwa fimbo moja. Yeye akaingia karakana ya baba yake, akawa anatengeneza mikokoteni kwa walio hai na majeneza kwa waliokufa, mimi nikashika brashi. Josiah hakuacha kunitania. Akinikuta mashambani nimekaa kwenye kigoda changu alikuwa akisema, "Ambrose, hiyo nayo ni kazi? Wenzio wanavuna, wewe unawahesabia ng'ombe." Lakini ni yeye aliyenitengenezea lile sanduku la rangi ninalolitumia mpaka leo, na bawaba zake hazijawahi kulia.

Kila mwaka mwezi wa Aprili nilifunga picha zangu kwa blanketi, nikazipeleka London zipite mbele ya wale mabwana wanaochagua picha za maonyesho. Miaka kumi na moja. Mara nne zilirudi na alama ya chaki nyuma, ile alama ambayo hata mpagazi anakuonea huruma akiiona. Mara saba zilikubaliwa zikatundikwa juu karibu na dari, wanakokaa buibui, na watu waliopita chini walitazama fremu wakadhani ni sehemu ya jengo. Mtu asiyechora hajui uchungu huo. Ukutani kuna kimo kimoja tu cha heshima, nacho ni kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Aliyetundikwa hapo ni mchoraji, aliyetundikwa juu ya hapo ni mtu aliyepewa pole. Mama yenu alikuwa akinipokea kituoni kila mwaka na kuniuliza neno moja, "Juu?" Nami nikamjibu, "Juu." Kisha tukaenda nyumbani kula.

Mwaka wa 1872, mwezi Juni, nilikaa pale juu ya kilima cha Gallows na kuchora shamba la shayiri la Kanali Strickley, kwanza kwenye kibao kidogo cha mbao, kwa siku moja, kama nilivyofanya kwa kila picha. Na mnajua desturi yangu: nyuma ya kila kibao nimeandika siku, saa, upepo na chochote kilichopita. Katikati ya shayiri ile ilipita njia. Mlikuwa wadogo ilipokuwa ikipitika, labda hamuikumbuki vizuri. Ilitoka Mtaa wa Chini, ikalikata shamba, ikatokea kwenye lango la kanisa, nusu maili kamili, nyeupe kwa sababu udongo wetu ni wa chokaa na miguu ya watu ilikuwa imeung'arisha tangu enzi za babu wa babu zetu. Watu wa Mtaa wa Chini waliipita kwenda kuoa, kubatiza na kuzika. Siku ile nilipokuwa nachora alipita Tabitha, mama yake Josiah, na kikapu mkononi, akiburuta ule mguu wake mbovu, nami nikamtia kwenye kibao kwa mguso mmoja wa brashi. Aliniona kule juu akanipungia mkono.

Basi majira ya baridi nikaichora ile kubwa. Njia niliichora pia, vizuri tu, kwa rangi nyeupe ya madini ya risasi. Lakini kila nilipoitazama, ule weupe ulilivuta jicho, ukalikimbiza mpaka pembeni na kulitoa nje ya fremu, shamba likabaki vipande viwili. Nikahangaika nayo wiki tatu. Halafu alasiri moja nikachukua kijani, nikaifunika. Dakika ishirini hazikufika. Tabitha naye akaenda na njia yake. Nikarudi nyuma hatua sita, nikaona shayiri moja pana imetulia chini ya mbingu, na nikajua kwamba safari hii sitasema "Juu." Na hapo, wanangu, sikufanya kosa lolote, mchoraji huhamisha miti na kuondoa nyumba, mtu halii. Kosa lilikuja na sifa.

Siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa, wachoraji tunaruhusiwa kuingia kupaka vanishi na kurekebisha madogo madogo. Nilifika, nikamwomba mpagazi ile ngazi ndefu kama kawaida yangu. Akanitazama akasema, "Leo ngazi ya nini, bwana? Picha yako iko puani pako hapo." Nikageuka. Ilikuwa kwenye kimo cha macho, katikati ya ukuta, na mwanga wa dirishani unaiangukia. Nililia mbele ya watu, siwafichi. Nikampelekea mama yenu simu ya maandishi ya maneno mawili, "Siyo juu," na alipofika kituoni siku ya tatu alikuwa amevaa gauni la harusi yake, ingawa halikufungika nyuma.

Gazeti moja likaandika kwamba Bwana Ambrose Tillett haongezi wala hapunguzi, huchora yaliyopo na kuacha yasiyopo, na ukitaka kuijua Uingereza usipande gari moshi, simama mbele ya picha yake. Ningekuwa mtu mzima wa akili ningecheka. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliyakata maneno yale, nikayaweka kwenye pochi, kisha nikayachapisha kwenye kadi zangu za mwaliko, kila onyesho, kila mwaka: Haongezi wala hapunguzi. Watu wakawa wananiita kwa jina hilo. Kanali Strickley akainunua ile picha, akaitundika kwenye chumba chake cha kulia chakula, na kuanzia hapo sikutundikwa tena pamoja na buibui.

Mwaka wa 1884 Kanali akaifunga njia. Alitaka ndege wake wa kuwindwa watage kwa utulivu, akajenga ukuta, akatia lango jembamba na kufuli. Mtaa wa Chini wakaenda mahakamani, na aliyewaongoza alikuwa Josiah. Wazee kumi na wanne walisimama wakaapa kwamba njia ilikuwepo, na wakili wa Kanali akawasikiliza kwa adabu, halafu akasema hawa wote ni watu wanaotaka kupita, watasema nini kingine? Ndipo watu wawili wakaingia wamebeba Shayiri ya Aldersham. Wakaisimamisha mbele ya jaji. Kisha nikaitwa mimi.

Wakili akatoa kadi yangu mwenyewe, akanisomea. "Bwana Tillett, maneno haya ni ya kweli?" Nikasema ni ya kweli. "Na hili ndilo shamba lenyewe, ulilolichora mwaka wa sabini na mbili?" Nikasema ndilo. "Basi tuonyeshe njia."

Nilimwona Josiah mstari wa mbele, amevaa koti la Jumapili, ananitazama bila wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayengoja rafiki yake amalize kufunga kamba za viatu waondoke. Alijua nitasema. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne, kwamba niliifunika kwa sababu ilinisumbua. Lakini nyuma yake alikaa mwenye ukumbi wa London ambaye mwezi uliofuata angenifungulia maonyesho yangu peke yangu, picha arobaini, na kadi zilikuwa zimekwisha kutumwa. Nikajiona ninachekwa katika kila gazeti. Nikasema, "Nilichora nilichokiona, Mheshimiwa Jaji." Nikiwa nimeapa. Mkono wangu juu ya Biblia.

Mtaa wa Chini wakashindwa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini yangu mimi iliwarefushia wengine yao, kwani kutoka siku ile kwenda kanisani kukawa maili mbili na nusu kwa barabara ya Bury. Nje, kwenye ngazi za mahakama, nilidhani Josiah atanipiga, na ninaapa ningeshukuru. Hakunipiga. Alisema polepole, "Ambrose, Jumapili mama yangu atapita wapi?" Akangoja jibu. Alingoja kweli. Kisha akavaa kofia yake, na tangu siku hiyo miaka ishirini na mitano tumeishi mtaa mmoja, hatujaambiana hata habari za asubuhi.

Tabitha hakuweza tena kufika kanisani, na mguu ule. Kila Jumapili alitoka na kikapu chake, akaketi kwenye jiwe karibu na lango lililofungwa, akasikiliza kengele na nyimbo kwa mbali, zikiisha akarudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka sita, mpaka alipokufa. Na siku ya kumzika walimzungusha kwa barabara ya Bury, mvua inanyesha, mkokoteni ukakwama mara mbili. Nilikuwa dirishani kwenye chumba changu cha kazi. Niliwaona.

Augusta, nipe maji. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Kuna jambo ambalo hamlijui. Kanali alinipa ufunguo wa lango lile, kama shukrani. Alisema mchoraji ana ruhusa. Nami nilimletea mama yenu nikamwambia, Dorcas, sisi hatuna haja ya kuzunguka. Aliutazama ufunguo mezani kama mtu anavyomtazama panya, akaniambia, "Wewe pita unakopita, Ambrose. Mimi nitakwenda na wenzangu." Na akaenda. Augusta, ulikuwa na miaka kumi, ulimshika mkono, mkatembea maili mbili na nusu na watu wa Mtaa wa Chini, kila Jumapili, jua na theluji, mpaka miguu yake ikakataa. Hakuniambia tena neno juu ya jambo hilo, wala hakupunguza upendo wake, na hilo ndilo lililonikata zaidi. Mimi nilipita langoni peke yangu mara tisa. Mara tisa, ninazikumbuka zote. Mara ya tisa Tabitha alikuwa pale kwenye jiwe, akanipungia mkono kama siku ile ya kilimani. Sikuutumia tena.

Sasa Hubert, njoo karibu na hiyo picha, uiname kama ulivyoinama. Rangi ya mafuta ina tabia moja ambayo nilifundishwa ujanani nikaisahau nilipoihitaji: inavyozeeka inazidi kuwa angavu, inakuwa kama kioo, na ulichokificha chini kinapanda juu taratibu. Nyeupe ya risasi haifi. Ule mstari si doa, mwanangu, wala si kazi mbaya ya vanishi. Ni njia. Inarudi. Na ukitazama vizuri, hapo karibu na mti wa mwaloni, kuna kidoa kingine. Ndiye Tabitha.

Ninajua unachokiwaza, unaonekana usoni. Unawaza kwamba jina langu ndilo linalouza hizo picha nilizokuachia, na kwamba mwongo wa mahakamani hatundikwi kimo cha macho. Huenda ni kweli. Huenda zikarudi juu kwa buibui. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu kiko hapo mlangoni kimevaa viatu. Kwa hiyo sikieni ninayowaagiza, na haya siyo ombi.

Fundi asiiguse ile picha. Itundike kama ilivyo, katikati ya ukuta, na kando yake kitundike kile kibao kidogo. Kiko hapo kwenye droo ya chini ya kabati, kimefungwa kwa shuka la zamani. Kigeuze, watu wasome nyuma: tarehe kumi na nne Juni 1872, saa tano asubuhi, upepo wa kusini, Mama Nunn yuko njiani. Mchungaji Oakley ana kiapo changu kipya, nimetia sahihi mbele ya mashahidi wawili; yeye atakipeleka mahakamani pamoja na vyote viwili, maonyesho yakiisha. Kadi za mwaliko, yale maneno yafute. Bibi Strickley, binti yake Kanali, nimekwisha kumwandikia, maana yeye hana kosa, alikuwa binti mdogo. Hajanijibu. Akijibu au asijibu, mambo ni yale yale.

Na mimi msinipitishe barabara ya Bury. Ninyi mlisoma, mtasema ni imani ya vikongwe, lakini hapa Aldersham kila mtu anajua kwamba pale maiti alipopitishwa, walio hai hawazuiliwi tena. Sijui sheria inasemaje. Najua watu wanasemaje. Nibebeni kwa njia ile, katikati ya shayiri, kutoka Mtaa wa Chini mpaka kanisani, na Mtaa wa Chini wote wafuate nyuma kama watataka kunifuata. Kufuli ni lile lile. Ufunguo wake ulikuwa chini ya mto huu, nao ni urithi wa Josiah Nunn, na ndiyo sababu jana nilikutuma kwake Augusta, ukampe.

Mwambie kaka yako alivyosema. Hapana, nitamwambia mimi, nimelala nayo kichwani. Hubert, dada yako alimkuta karakanani anaranda mbao. Akamwambia yote, akaweka ufunguo mezani. Yule mzee hakuacha kuranda. Aliranda mpaka ubao ukaisha, ndipo akaushika ufunguo, akautazama muda mrefu, akasema, "Lango la Kanali ni futi mbili na nusu. Mwambie baba yako jeneza nitalichonga jembamba, na yeye aache kula pai."

Nilicheka, wanangu, mpaka Augusta akaogopa. Miaka ishirini na mitano, na jambo la kwanza analoniambia ni kunitania.

Nimechoka sasa. Pazia liache hivyo hivyo.

Pendaneni. Msitengane kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya vijiko. Hubert, Mungu akupe jicho la kuona na ulimi wa kusema ulichoona, maana la pili ni gumu kuliko la kwanza. Augusta, Mungu akulipe kwa kila maili uliyotembea na mama yako. Nyumba yenu isikose moto wala mgeni. Nimewaridhia wote wawili, nimewaridhia kabisa.

Josiah atangulie mbele. Yeye ndiye afungue.

Augusta... kitoe kile kibao drooni, chukua penseli. Nyuma, chini ya maneno ya zamani, kuna nafasi. Andika. Tarehe tatu Juni, 1909. Saa nne asubuhi. Upepo wa magharibi, mdogo. Mawingu juu, yanakwenda polepole.

Andika kwamba njia ilikuwepo.

Umeandika?